Kwa nini anayesomea udaktari Uganda hapumziki

Kila madaktari vijana wanapogoma Uganda, kuna swali linalorudi kwenye teksi, saluni na hata mezani nyumbani: kwani hawakujua udaktari ni kazi ngumu? Wanaouliza hivyo si watu wabaya. Wengi wao wamewahi kuuguza ndugu Mulago au Mbale, wakamsubiri daktari mpaka kukakucha, na hawaoni kwa nini daktari huyo huyo alalamike kwamba amechoka. Swali lao linastahili jibu refu, kwa sababu ndani yake yamechanganywa mambo matatu yasiyofanana. Kuna ugumu wa kazi yenyewe, kuna wingi wa saa, na kuna kuachiwa wagonjwa peke yako kabla hujaiva. Ugumu wa kazi haukwepeki. Hayo mawili mengine yametokana na maamuzi ya watu, na watu wanaweza kuamua vingine.

Tuwajue kwanza wahusika. Shahada ya udaktari Uganda huchukua miaka 5. Makerere ndiyo kongwe, imekuwa ikifundisha udaktari tangu 1924. Mbarara ilikuja 1989, baadaye zikafuata Gulu, KIU (Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala) ya Ishaka na Busitema yenye kitivo chake Mbale. Kuanzia mwaka wa 3 mwanafunzi anaingia wodini. Akishahitimu hapewi leseni kamili. Lazima afanye mwaka mmoja wa uanagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa, akizunguka idara 4: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi. Hawa ndio maintani. Wanaorudi kusomea ubingwa, kwa miaka 3 au zaidi, wodini wanaitwa SHO (senior house officer). Wote hawa kwenye karatasi ni wanafunzi au nusu wanafunzi. Ukiingia hospitali ya serikali usiku, mara nyingi hao ndio utakaowakuta.

Miongoni mwao wako wengi wanaozungumza Kiswahili wao kwa wao: Wakenya na Watanzania waliojaa Ishaka, Wakongo, vijana wa Sudan Kusini, na Waganda wa Arua au wa kambi za jeshi waliokua nacho nyumbani. Nawataja kwa sababu uchovu huwaelemea zaidi walio mbali na kwao. Kijana wa Kampala akitoka zamu anakuta chakula cha mama. Aliyetoka Mwanza au Kisumu anarudi kwenye chumba cha kupanga, maji yamekatika, na kodi haijalipwa.

Sasa chukua usiku wa kawaida katika wodi ya magonjwa ya ndani ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Intani ameingia saa mbili asubuhi. Raundi na bingwa imekwisha saa saba mchana, na baada ya raundi ndipo kazi ya raundi inapoanza. Kuna damu za kutoa, fomu za maabara za kujaza, mgonjwa wa kusindikiza kwenye eksirei, na ndugu wa kuelezwa kwamba kanula leo hakuna, watoke wakanunue kwenye duka la dawa lililo nje ya geti. Jioni wenzake wanaondoka. Yeye anabaki, zamu ya usiku ni yake.

Vitanda vimejaa, na waliokosa kitanda wamelala kwenye mikeka yao sakafuni, ndugu zao wakiwa ubavuni, kwa hiyo kumfikia mgonjwa wa kona ni kuruka miguu ya watu. Muuguzi ni mmoja. Saa nne usiku analetwa kijana ambaye sukari yake imepanda mno, anahema kwa nguvu, anataka maji ya mshipani na kupimwa sukari kila saa. Saa sita mama mwenye ugonjwa wa moyo anaanza kukosa pumzi, na mtungi wa oksijeni uliopo anautumia mwingine. Intani anampigia simu mkubwa wake. Simu inaita mpaka inakatika. Saa kumi alfajiri anaandika dozi ya dawa, anaisoma, anaisoma tena, na bado hana hakika kama ile nukta ameiweka mahali pake. Bibi mmoja anayemuuguza mwanawe kitanda cha jirani, ambaye amekuwa akimtazama usiku kucha, anamwuliza, "Daktari, mwanangu, wewe umekula?" Hajala. Saa mbili asubuhi raundi nyingine inaanza, naye ndiye atakayewaeleza wagonjwa wote mmoja mmoja, akiwa wima mbele ya kundi zima. Akiruhusiwa kuondoka mchana atakuwa amekesha saa 30, na kesho kutwa zamu inamrudia.

Mwanafunzi wa mwaka wa 4 au wa 5 yumo humo humo. Amekuja na boksi la glavu alilonunua kwa pesa yake, maana akija mikono mitupu hatagusa mgonjwa na kitabu chake cha kurekodi kazi hakitajaa. Anatumwa maabara, anatumwa benki ya damu, anashika taa umeme ukikatika. Katikati ya hayo yote anatakiwa asome, kwa kuwa mtihani wake haungoji.

Utetezi unaosikika mara nyingi kwa wakubwa ni kwamba hivi ndivyo daktari anavyopikwa. Sisi tulilala humu humu wodini siku tatu, wanasema, na leo ni mabingwa. Utetezi huu una historia, na historia yenyewe inafundisha. Mtindo wa kumfundisha daktari kwa kumfanya aishi hospitalini ulipata umbo lake huko Baltimore, Marekani, katika hospitali ya Johns Hopkins iliyofunguliwa 1889. Aliyeusimamia kwa upande wa upasuaji ni William Halsted, mpasuaji hodari aliyetaka vijana wake wawepo usiku na mchana. Ilikuja kujulikana kwamba Halsted mwenyewe alitegemea kokeini, na baadaye mofini, kwa miaka mingi. Simtaji ili kumdhalilisha marehemu. Mchango wake katika upasuaji hauna ubishi. Namtaja kwa sababu kipimo cha uvumilivu ambacho vizazi vya madaktari wamekihesabu kuwa cha kawaida, mmoja wa walioanzisha hakukifikia kwa nguvu za mwili peke yake.

Uganda ilirithi mpangilio wake kwa Waingereza, pamoja na vyeo, raundi, na heshima kubwa kwa aliyetangulia. Waingereza wenyewe wamekwisha kuubadili. Kanuni ya Ulaya ya wastani wa saa 48 kwa wiki ilianza kuwahusu madaktari walio mafunzoni 2004, ikakamilika 2009. Sisi tumebaki na desturi ambayo wenye nayo waliiona haifai.

Marekani mabadiliko yalianzia kwenye msiba. Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alilazwa katika hospitali moja ya New York akiwa na homa na kutetemeka. Madaktari waliomhudumia usiku ule walikuwa vijana walio mafunzoni, wenye wagonjwa wengine wengi na usimamizi wa kupitia simu. Alipewa dawa isiyopatana na dawa nyingine aliyokuwa akitumia, na kabla ya mchana alikuwa amefariki. Baba yake, mwandishi wa habari, hakukubali yaishe. Jimbo la New York likaweka kanuni 1989: isizidi saa 80 kwa wiki, na saa 24 mfululizo. Kanuni ya saa 80 ilienea nchi nzima 2003. Saa 80 bado ni nyingi mno kwa mtu yeyote, lakini angalau kuna mtu anayezihesabu.

Hapa inabidi tuuangalie mwili wenyewe, maana mjadala huu umejaa maneno ya ujasiri na uvivu wakati jambo lenyewe ni la ubongo. Kadiri mtu anavyokaa macho, ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyojikusanya ubongoni na kumvuta kwenye usingizi. Kahawa huziba masikio ya ubongo kwa muda, lakini adenosini yenyewe inabaki palepale. Pamoja na hiyo kuna saa ya mwili, inayoteremka chini kabisa kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Vitu hivi viwili vikikutana kwa mtu aliyeamka tangu jana, ubongo huanza kuiba usingizi kwa sekunde chache chache, macho yakiwa wazi, mwenyewe hajui.

Watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walipima jambo hili 1997. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya kazi za umakini kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Alipofika saa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10, kiwango ambacho angekutwa nacho usiku barabarani Kampala, askari wa kawunyemu, wale wanaopima pombe kwa pumzi, wangemshusha kwenye gari. Tunamkataza kushika usukani, kisha tunampa sindano ya kuingiza uti wa mgongoni mwa mtoto.

Wodini matokeo yanaonekana. Utafiti uliofanyika Boston na kuchapishwa 2004 uliwafuatilia maintani katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Walipofanya zamu za kawaida zao za saa 24 na zaidi, makosa makubwa yalizidi kwa asilimia 36 ukilinganisha na walipofanya zamu zilizofupishwa. Utafiti mwingine, wa 2005, uliona kwamba intani anayeendesha gari kwenda nyumbani baada ya zamu ndefu ana hatari ya ajali zaidi ya mara mbili. Weka mahali pa gari bodaboda, barabara ya Mbarara na lori nyuma yako. Mwaka 2016 Afrika Kusini ilimpoteza daktari kijana aliyekuwa akirudi nyumbani baada ya zamu. Wenzake waliendesha kampeni mpaka baraza la taaluma likashusha ukomo wa zamu kwa maintani kutoka saa 30 hadi saa 24, na 2 za kukabidhiana wagonjwa.

Sehemu ya kisayansi ambayo ingepaswa kuwaumiza zaidi walimu ni hii: usingizi ndio unaofunga mafunzo. Yale uliyoyaona mchana hushikwa kwanza kwa muda katika sehemu ndogo ya ubongo, na unapolala usingizi mzito ndipo yanahamishwa na kupangwa mahali pa kudumu. Mwanafunzi aliyekesha siku mbili ameona wagonjwa wengi, ndiyo, ila wengi wao hawatabaki kichwani. Mpwa wangu yuko mwaka wa 4 katika chuo kimoja cha magharibi. Alinitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane: "Mjomba, nimeuliza swali kwenye raundi, daktari akaniambia jana nilijibiwa hilohilo. Sikumbuki kabisa." Alisema kwa sauti ya mtu anayeogopa kwamba akili yake imeharibika. Akili yake ni nzima. Haijapewa nafasi ya kuweka akiba.

Uchovu ukiendelea miezi na miezi hubadilika sura. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliyelifanyia jambo hili kazi kwa miongo kadhaa, aliligawa katika mambo matatu. Kwanza nguvu zinakwisha na kulala hakuzirudishi. Kisha moyo unaweka ukuta: mgonjwa anaacha kuwa Mzee Okello mwenye wajukuu, anakuwa "kitanda cha kumi na nne". Mwisho mtu anajiona hafai, kwamba kila analofanya ni bure. Watu wanaolalamika kwamba madaktari wetu vijana hawana huruma, wanajibu kwa ukali, hawaangalii mtu machoni, wanaielezea hali hiyo ya pili bila kujua. Wengi wa vijana hao waliingia chuoni na huruma tele. Ilikwishia wodini.

Na kuna lililo zito zaidi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2016, uliokusanya tafiti kutoka nchi nyingi duniani, ulikuta kwamba asilimia 27 hivi ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11 walikuwa wamefikiria kujiua. Ukikaa kwenye darasa la watu 100, hesabu mwenyewe. Uganda kulisema hili hadharani kunagharimu. Jina la Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, watu hulitumia kutukanana. Sheria ya makosa ya jinai nayo inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Daktari mtarajiwa anayejua hayo mawili atanyamaza, hasa anapofikiri kwamba jina lake likishawekwa alama hakuna hospitali itakayompokea. Kama wewe unayesoma ndiye huyo, mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, kisha muone mtaalamu wa nje ya idara yako, mtu ambaye hana kalamu juu ya alama zako. Sonona inatibika, na waliotibiwa wanaendelea kuwa madaktari wazuri.

Kuhusu kalamu hiyo, hapo ndipo fundo lilipokaza zaidi. Kitabu cha mwanafunzi kinasainiwa na mkubwa wa wodi. Fomu ya intani inasainiwa na msimamizi wa hospitali, na bila saini hakuna usajili kamili kwenye Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Maana yake ni kwamba anayepanga zamu ndiye anayeamua kama utakuwa daktari. Ndiyo sababu malalamiko hayaandikwi popote. Ndiyo sababu pia kuaibishwa kwenye raundi kumekuwa kama sehemu ya somo: mwanafunzi amesahau kipimo cha potasiamu, anaambiwa mbele ya wagonjwa na wauguzi kwamba atakuja kuua watu. Wagonjwa wanasikia. Yule bibi wa usiku anasikia. Baada ya hapo mwanafunzi anajifunza jambo moja kwa uhakika, nalo ni kuficha asilolijua.

Sasa nirudi kwenye swali la kwa nini saa ni nyingi hivi. Jibu rahisi ni kwamba madaktari ni wachache, na kweli Uganda haifikii hata daktari mmoja kwa kila watu 1,000. Lakini kuna jambo lisilokaa sawa. Wakati intani anakesha saa 30 kwa sababu hakuna watu, mtaani wapo madaktari waliosajiliwa, wenye leseni zote, wasio na ajira. Upungufu wa wodini ni wa nafasi zilizotengewa mshahara, si wa watu waliosomea kazi. Tangu Azimio la Abuja la 2001, ambamo serikali za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, Uganda haijafika hapo.

Tazama hesabu yenyewe. Baada ya mgomo wa 2021 maintani waliahidiwa posho ya shilingi milioni 2.5 kwa mwezi. Kufikia 2023 serikali ilikuwa imeishusha hadi milioni 1. Katika kipindi hicho hicho, 2022, mshahara wa daktari wa kawaida aliyeajiriwa ulipandishwa hadi milioni 5, hatua niliyoifurahia na bado naifurahia. Ila ukiviweka viwango hivyo viwili pamoja, daktari mmoja aliyeajiriwa anagharimu sawa na maintani watano. SHO ni rahisi zaidi, maana wengi wao wanalipa karo wenyewe na posho yao imekuwa ya kupiganiwa kila mara. Mwanafunzi hagharimu chochote. Hakuna haja ya kumtafuta mtu mbaya hapa. Mfumo wowote wenye njaa ya pesa utaegemea pale penye bei nafuu, na hivyo ndivyo mafunzo yalivyogeuka kuwa nguvu kazi.

Kinachodhihirisha hilo ni pale wanafunzi wanapoweka vifaa chini. Mafunzo yakisimama, hospitali isingepaswa kusimama. Mwaka 2021 maintani walipogoma, huduma ziliyumba kwenye hospitali kubwa za nchi. Na 2023 wahitimu waliokuwa wakisubiri kupangiwa vituo vya uanagenzi walisubiri miezi hadi wakaandamana Kampala, ilhali wodi zilikuwa zikiwahitaji usiku ule ule.

Sheria ya Ajira ya 2006 inataja saa 48 kwa wiki kuwa ukomo wa kawaida wa kazi. Mwanafunzi haimgusi. Intani naye amening'inia katikati: kazi ikija anahesabiwa daktari, haki ya mfanyakazi ikitajwa anaambiwa bado yuko mafunzoni.

Najua jibu linalofuata, kwa kuwa nimelisikia kwa wazee ninaowaheshimu. Udaktari ni wito, wanasema, na wito una kujitoa. Uganda ina haki ya kulisema hilo kuliko nchi nyingi. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor aliongoza mapambano wodini mpaka yeye mwenyewe akaambukizwa na kufariki Desemba ya mwaka ule. Ebola ilipozuka Mubende Septemba 2022, miongoni mwa wahudumu wa afya waliofariki alikuwemo Dk. Mohammed Ali, Mtanzania aliyekuwa akisomea ubingwa wa upasuaji KIU. Alikuwa mwanafunzi. Alikuja Uganda kutafuta elimu, akafa akihudumia watu wa nchi isiyo yake. Mungu amrehemu.

Ninapowafikiria watu hawa wawili ndipo hasira yangu inapozidi. Kujitoa kwao kulikuwa kwa siku ya hatari, na tunawaheshimu kwa sababu siku ile ilidai hivyo. Hatuna haki ya kulichukua jina la kujitoa na kulibandika kwenye ratiba ya kila wiki ambayo ingerekebishwa kwa kuajiri madaktari wanne. Tena mtu aliyechoka ndiye anayejichoma sindano, ndiye anayesahau kufunga gauni la kujikinga vizuri, na katika nchi yenye VVU, homa ya ini na Ebola inayorudi, kosa la sekunde moja si la kufuta kwa kifutio. Hata kiapo chenyewe kimelitambua hilo. Azimio la Geneva, ambalo madaktari duniani huliapa, lilirekebishwa 2017, na kikaongezwa kipengele ambamo daktari anaahidi kuitunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma ya kiwango cha juu.

Basi tupunguze saa, yaishe? Hapana, na hapa lazima tuwe wakweli, maana walioanza kabla yetu wamekutana na kigingi. Marekani walifanya jaribio kubwa katika mafunzo ya upasuaji, matokeo yakatoka 2016. Hospitali zilizoruhusiwa kurefusha zamu hazikuwa na vifo wala madhara zaidi ya zile zilizobanwa na kanuni kali. Wapinzani wa mabadiliko wanaupenda sana utafiti huu. Lakini uangalie vizuri: pande zote mbili zilikuwa chini ya ukomo wa saa 80 kwa wiki, na wakubwa walikuwepo karibu. Ulilinganisha namna mbili za kuzipanga saa zilizokwisha kuwekewa mpaka. Hauwezi kutumika kuhalalisha mahali ambapo mpaka haupo.

Funzo lake la kweli ni jingine. Ukifupisha zamu bila kuongeza watu, kazi ile ile inabanwa ndani ya saa chache na kijana anakimbia badala ya kutembea. Na kila zamu inapobadilika mgonjwa anakabidhiwa kwa mtu mpya, na kama makabidhiano ni ya kusimuliana kwenye korido, habari muhimu hudondoka njiani. Kwa hiyo makabidhiano yanatakiwa yawe na saa yake, karatasi yake na mkubwa anayesikiliza. Hilo halihitaji fedha za Benki ya Dunia.

Lingine lisilo la gharama kubwa ni kutenganisha saini na zamu. Mtu mwingine chuoni au hospitalini, asiyepanga ratiba ya wodi, awe ndiye wa kupokea malalamiko na kuthibitisha kwamba mwanafunzi amekamilisha. Chumba chenye kitanda na mlango unaofungika, kwa wasichana na kwa wavulana, nacho ni cha lazima. Usingizi wa dakika 30 saa tisa usiku hauchukui nafasi ya usiku mzima, ila unaweza kuokoa dozi ya saa kumi na moja.

Lenye gharama ni kuajiri, nalo halina mbadala. Kila wodi inayofunza iwe na daktari aliyeajiriwa anayelala zamu, si anayepigiwa simu. Wakubwa wengi hawapo usiku kwa sababu wako kwenye kliniki binafsi walikoenda kutafuta walichokosa huku kwa miaka mingi. Baada ya mishahara kupandishwa, serikali ina haki ya kuwadai muda wao, na ingefanya vizuri kuanza na usiku.

Pa kuanzia pengine ni padogo kuliko tunavyodhani. Hospitali haipokei maintani mpaka ikaguliwe na kuidhinishwa kuwa kituo cha uanagenzi. Wakaguzi hutazama mabingwa, vitanda, vifaa. Waongeze kuuliza ni nani aliye juu ya intani aliyekuwepo wodini kwa mwili wake saa nane usiku katika wiki iliyopita, na intani wa zamu ile aliondoka saa ngapi siku iliyofuata. Majibu yawekwe wazi kabla vijana hawajachagua vituo. Hospitali itakayoshindwa kujibu ipelekewe madaktari walioajiriwa kwanza, na maintani wafuate baada yao.